Nimezigusa Zidaka

Naandika haya miguu ikiwa bado na vumbi la mtaa wa Mkomani. Sijaoga, sijala, chai imepoa mbele yangu, na sitaki kungoja hadi kesho kwa sababu kesho nitakuwa nimetulia, na matembezi niliyofanya Lamu leo asubuhi si ya kuandikwa kwa utulivu. Kama umewahi kukaa darasani ukikaririshwa tenzi, funga safari, tafuta kiongozi aliyezaliwa mji huu, umfuate kwa miguu. Nenda!

Tulikutana Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, jua likiwa bado changa. Ngome ilianza kujengwa 1813, ikakamilika 1821, na hadi 1984 ilikuwa gereza. Kiongozi wangu, kijana wa kikoi na kitambulisho kifuani, aliimaliza kwa dakika tano. "Ndugu yangu, haya utayasoma popote," akasema. "Twende ndani ya mui."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ndani ya mji?"

"Mui," akarudia, akitabasamu.

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Kiswahili changu ni cha shule, kile kilichopewa Kiunguja kuwa msingi wake tangu mkutano wa Mombasa wa 1928. Kiamu, lahaja ya Lamu, nilikutana nacho kwenye maelezo yaliyo chini ya kurasa za tenzi, ambako mwalimu alituandikisha kwamba ndia ni njia, mato ni macho, yuu ni juu. Nikayahifadhi kwa ajili ya mtihani, nikiamini ni maneno ya washairi waliokwisha kufa. Leo nimemsikia mtoto wa miaka kama sita akimfokea punda aondoke ndiani! Nilisimama pale kama niliyepigwa na radi. Kiongozi alidhani nimemwogopa punda.

Njia kuu yenyewe huitwa Usita wa Mui, na ukiiacha tu, vichochoro vinakumeza. Hapa ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili. Joto la pwani linabaki nyuma yako kama umefungua mlango wa pango, kwa maana kuta ndefu za mawe ya matumbawe zimesogeleana makusudi ili kivuli kisitoke. Punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na mwenyewe anamsemesha kwa upole kama anayemsemesha mtoto. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na katika vichochoro hivi sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Kiongozi aliniambia nitazame juu. Juu ya vichwa vyetu palikuwa na chumba kizima kimekaa hewani, kimeunganisha nyumba ya kulia na ya kushoto, na njia inapita chini yake. Hiki ni wikio. Wanawake wa nyumba hizi mbili waliweza kutembeleana, kuazimana chumvi, kupelekeana habari, bila kushuka njiani. Nimepita chini ya wikio tano leo na kila mara niliinua uso, nikiwawaza waliopita pale juu na vikombe vyao mkononi.

Lakini nyumba, jamani, nyumba! Kiongozi alikuwa ameomba ruhusa tangu jana kwa bibi mmoja wa Mkomani. Tukapiga hodi, tukangoja kwenye daka, ile sebule ndogo ya nje yenye viti vya mawe pande zote mbili. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibuni." Tukavuka tekani, kijiukumbi kinachofuata, tukatokea kiwandani, uwanja ulio wazi kwa mbingu katikati ya nyumba, na pembeni kuna birika la maji lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika limepachikwa bakuli la Kichina. Maji yakipungua, samaki wanajibanza humo, hawafi. Mtu aliyebuni hilo alikaa akamfikiria samaki, na miye nimependa kujua kwamba mtu huyo aliishi.

Vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani. Nikauliza kwa nini vyembamba hivi. Jibu liko darini: boriti za mikoko hazina urefu zaidi ya hapo, kwa hiyo mkoko ndio uliokata shauri la upana wa maisha ya watu wa Lamu.

Kisha nikaziona. Ukuta mzima wa ndani umejaa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa nyeupe, na ndani ya chache zimebaki sahani za kaure. Nilisoma utenzi wa Al-Inkishafi nikiwa na miaka kumi na saba. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayalilia majumba ya Pate yaliyoanguka, na madaka ya kuwekea sahani yaliyobaki kuwa malazi ya makinda ya ndege. Nilijibu swali la mtihani kuhusu beti hizo, nikapata alama nzuri, wala sikujua ninazungumzia nini! Bibi aliniona nimeduwaa. "Guza," akasema. Chokaa ni baridi, laini kama ganda la yai, na kwenye ukingo kuna kijishimo ambapo kidole cha fundi kilitulia. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kulisema.

Baada ya hapo tuliona mchonga milango akipitisha patasi kwenye mfaa, tukanywa kahawa chungu kutoka kwenye dele kwa halua, tukapita makumbusho. Makumbusho ni mazuri, lakini baada ya nyumba ya bibi vioo vilinichosha. Kama una asubuhi moja tu, ianze vichochoroni.

Chukua kiongozi mwenye kitambulisho, mpatane bei kabla ya kuondoka, vaa viatu vyepesi na nguo ya heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Muhimu kuliko yote, zungumza naye Kiswahili. Watalii waliokuwa mbele yetu walioneshwa mlango. Sisi tulielezwa jina la kila kipande chake.

Sasa ni saa tisa alasiri, adhana ya alasiri inakaribia. Kesho alfajiri narudi Mkunguni, zamu hii tunashuka mtaa wa Langoni hadi msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija. Kiongozi ameniachia kazi ya usiku: nije na orodha ya maneno ya tenzi ambayo sijawahi kuyaelewa. Nimeshafika la ishirini na tatu.