Mpenzi wa Kwenye Gemu na Mungu Wake: Imani Inavyoundwa kwa Kanuni

Majivu ya nabii Andraste yamehifadhiwa ndani ya hekalu lililosahauliwa mlimani. Mchezaji wa Dragon Age: Origins hupanda hadi pale kutafuta dawa, maana chembe chache tu za majivu hayo zitamwinua Arl Eamon, mtawala aliyelala mahututi. Njiani hukutana na Kolgrim, kiongozi wa madhehebu yanayosadiki kwamba Andraste amezaliwa upya katika umbo la joka. Kolgrim anampa kichupa cha damu ya joka na kumtaka aimwage kwenye majivu. Akikubali, atafunzwa mbinu ya kivita ya kutisha. Mchezaji anayewaza ushindi peke yake anamwaga. Kama Leliana, mwenzi wa safari anayemwamini Andraste, yumo kwenye msafara wake, hata kama ni mpenzi wake, anaweza kumgeukia pale pale na kumshambulia ili amuue.

Studio ya BioWare ya Canada ilitoa gemu hiyo Novemba 2009. Kabla yake na baada yake, wahusika wengi wanaopendeka wamepewa dini, kuanzia watawa na makuhani hadi wauaji wanaosali kabla ya kufyatua risasi. Wachache kati yao wanasadikika kuwa ni waumini. Waliofaulu na waliofeli wote wameandikiwa maneno mazuri; kinachowatofautisha ni kanuni za gemu zilizowekwa nyuma ya maneno hayo. Imani ya mhusika huanza kuonekana pale inapomnyima mchezaji kitu anachokitaka.

Kwa msomaji asiyezijua gemu za aina hii, maelezo mafupi. Vibanda vya gemu vya mitaani huishi kwa mpira, kwa kuwa mechi huisha upesi na foleni husogea. Gemu za hadithi ndefu huchezwa nyumbani, kwa saa nyingi. Mchezaji huongoza kikundi cha wenzi wa safari, na kila mwenzi ana mizani ya siri au ya wazi inayopima anavyomkubali. Ukisema neno linalompendeza, mizani inapanda, ukimuudhi, inashuka. Ikipanda vya kutosha, mlango wa mapenzi hufunguka. Mwandishi anayetaka kumpa mwenzi huyo imani ana vifaa vinne tu: mazungumzo, mizani, katazo lisilovukika, na tukio linaloijaribu imani yenyewe.

Kifaa cha kwanza ndicho rahisi na ndicho dhaifu. Mfano wake ni askari Ashley Williams wa Mass Effect, gemu ya 2007. Katika mazungumzo ya faragha ndani ya meli ya angani anamweleza kamanda wake kwamba anamwamini Mungu, na anauliza kama hilo lina shida. Mchezaji anajibu apendavyo, na maisha yanaendelea. Baada ya hapo Ashley hakatai amri yoyote kwa sababu ya Mungu wake, wala hakuna uamuzi mkubwa wa hadithi unaogeuka kwa sababu hiyo. Ni mwanamke mwenye msimamo, anayependa mashairi aliyorithi kwa baba yake, lakini dini yake ni taarifa tu kwenye wasifu wake. Ifute mistari ile michache na gemu nzima inabaki ilivyo.

Thane Krios wa Mass Effect 2, gemu ya 2010, ana maneno mengi zaidi, na kwake mazungumzo yanabeba uzito. Ni muuaji wa kukodiwa anayesumbuliwa na ugonjwa usiopona, na husali kwa Amonkira mungu wa wawindaji, kwa Arashu mlinzi na mlezi, na kwa Kalahira anayepokea wafu ng'ambo ya bahari. Waandishi waliiweka sala ya kumwomba Kalahira akiba hadi Mass Effect 3 ya 2012. Thane akiwa kitandani anakata roho, mwanaye Kolyat anaisoma sala, na kamanda Shepard, mhusika wa mchezaji, anasoma pamoja naye. Mwishoni, Shepard akiwa mwanamke, anagundua kwamba sala ilimtaja mwanamke. Thane hakuwa akijiombea, alimwombea Shepard. Hapa imani haimnyimi mchezaji kitu. Inampa kitu asichokiomba, na hiyo nayo ni mbinu. Hata hivyo ni mbinu ya mara moja, kwa sababu mtu hafi mara mbili.

Turudi kwa Leliana, aliyeandikwa na Sheryl Chee, maana ndani yake vifaa vyote vinne vinafanya kazi kwa pamoja. Tunamkuta kwenye baa ya kijiji cha Lothering akiwa mtawa wa daraja la chini wa Chantry, kanisa la nchi ile. Anadai amepata maono kutoka kwa Muumba. Chantry inafundisha kwamba Muumba amewapa wanadamu kisogo. Leliana anaamini hajaenda popote, na kwamba uzuri wa dunia ndio ushahidi. Yaani ana dini pamoja na fikra zake mwenyewe ndani ya dini hiyo, jambo ambalo waandishi wengi wa gemu hulisahau. Wengi huandika muumini kana kwamba amekariri katekisimu akaishia hapo.

Kilicho bora zaidi kimefichwa kwenye mkasa wake binafsi. Leliana alikuwa jasusi, na mwalimu wake wa zamani, Marjolaine, anatuma watu wamuue. Mkasa huo ukiisha, Leliana anamuuliza mchezaji: je, mimi ni kama yeye? Mchezaji anaweza kumfariji, au kumwambia kwamba kweli anafurahia kuwinda na asijidanganye. Akichagua la pili, Leliana anakuwa mgumu. Anabaki mpenzi, anabaki mpiganaji hodari, lakini siku ya majivu hatachomoa silaha.

Mchezaji anayeongea na mpenzi wake usiku kambini hajui kwamba anagusa swichi itakayoamua kama mpenzi huyo atakufa kwa ajili ya imani yake. Hakuna ujumbe unaotokea kwenye skrini kumwonya. Kanuni moja imebeba jambo ambalo riwaya ingelihitaji sura nzima kulisema: anayetupenda ana uwezo wa kututoa kwenye dini yetu polepole, kwa maneno yanayofanana na ukweli, bila sisi wala yeye kushtuka. Cha kusikitisha, studio yenyewe iliogopa gharama hiyo baadaye. Dragon Age: Inquisition ya 2014 ilimrudisha Leliana akiwa hai hata kwa wachezaji waliomuua hekaluni.

Katika Dragon Age II ya 2011, BioWare ilijaribu katazo peke yake. Sebastian Vael, mwana wa mfalme aliyepelekwa utawani, anapatikana kwenye nyongeza ya kulipia iitwayo The Exiled Prince. Hawke, mhusika wa mchezaji, akiwa mwanamke anaweza kumpenda, lakini mapenzi hayo hayana kitanda. Katika gemu ambayo wenzi wengine wote wa kimapenzi huishia chumbani, yeye anatoa ndoa ya usafi. Wapo wachezaji waliomwona anachosha, na wanaweza kuwa na haki, lakini kiufundi katazo lile linafanya kazi yake sawasawa. Kisha linakuja la pili. Anders, mwenzi mwingine wa msafara, analipua kanisa la mji wa Kirkwall na kumuua Elthina, mama wa kiroho wa Sebastian. Sebastian anadai Anders auawe. Ukimwachia Anders uhai, Sebastian anaondoka akiapa kurudi na jeshi, na mapenzi yenu hayamzuii. Ni yule yule aliyekunyima mwili kwa ajili ya nadhiri, na sasa anakuacha kwa ajili ya kisasi. Imani yake ina upande unaovutia na upande unaotisha, na gemu haikuuficha wowote.

Cassandra Pentaghast wa Inquisition, aliyeandikwa na David Gaider, amejengwa kinyume chake. Hana katazo kubwa. Anakuuliza mapema kama unaamini; ukikana, mlango wa mapenzi haufungwi. Nguvu yake iko kwenye kifaa cha nne, tukio la kuijaribu imani. Yeye ni Mtafuta Ukweli, mlinzi wa nidhamu ya kanisa. Anagundua kitabu cha siri cha chama chake kinachoeleza kwamba kila mwanachama, katika mkesha wa kujiunga, alifutwa hisia zote, kisha roho ya imani ikamgusa akili na kumrudishia. Chama kilijua karne nyingi kwamba adhabu ya kufutwa hisia, waliyopewa wachawi wengi, inaweza kutenguliwa, nacho kikanyamaza. Muujiza aliodhani ni tuzo ya sala zake ulikuwa utaratibu wa chama. Cassandra anawaka hasira dhidi ya viongozi wake, lakini hamwachi Muumba. Ni nadra kwa gemu kutenganisha mambo hayo mawili. Mwandishi wa kawaida angekitumia kitabu kile kumtoa kanisani kabisa, na mchezaji angeshangilia.

Baldur's Gate 3, ya studio ya Larian ya Ubelgiji, iliyotoka Agosti 2023, ilichagua njia hiyo ya kawaida, ila kwa ustadi mkubwa. Kuna tofauti ya msingi inayopaswa kutajwa kwanza. Muumba wa Dragon Age hajawahi kuthibitishwa. Anayemwamini anaamini bila kuona. Katika dunia ya Baldur's Gate miungu ipo, inajibu, inaadhibu. Hakuna anayejiuliza kama Shar, mmoja wa miungu hiyo, yupo. Swali ni kama anastahili kutumikiwa. Kwa hiyo mpenzi wa kuhani wa Shar anashindana na mpinzani aliye hai, mwenye wivu na mwenye nguvu.

Kuhani huyo ni Shadowheart. Amefutwa kumbukumbu zake kwa ajili ya utumishi, na ana jeraha mkononi linalomchoma bila kutarajiwa. Katikati ya hadithi anasimama na mkuki mbele ya mateka, binti wa Selûne, mungu adui wa Shar, na kumuua ndiko kutakompandisha cheo. Kanuni ya tukio hilo ni nzuri mno: mchezaji aliyejenga ukaribu wa kutosha anaweza kutomshinikiza, akamwachia aamue, naye akautupa mkuki. Miezi ya mizani kupanda inalipwa kwa kunyamaza. Baadaye anawapata wazazi wake wafungwa, na Shar anampa sharti: wafe, naye awe huru na maumivu; au waishi, na jeraha libaki. Hapo gharama ya kuacha dini haifutwi kwa ushindi.

Kasoro iko kwenye jumla. Lae'zel anamtii malkia Vlaakith, kumbe malkia hula roho za mashujaa wake. Gale alipendwa na mungu Mystra, ambaye sasa anamtaka ajilipue. Shadowheart alilelewa na kanisa lililomteka utotoni. Wapenzi watatu, imani tatu, na wote watatu wamedanganywa au kutumiwa. Mchezaji anajifunza upesi kwamba mpenzi mwenye dini ni mgonjwa wa kutibiwa, na dawa ni yeye mchezaji. Kweli, Shadowheart anaweza kuhamia kwa Selûne, na unaweza pia kumsukuma abaki gizani. Lakini njia inayopigiwa muziki mzuri ni ya kutoka.

Mkazi wa Makambako nchini Tanzania ataona pengo ambalo huenda wabunifu wa Canada na Ubelgiji hawakulitilia maanani. Mji wetu ni njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita humo humo. Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na Wapentekoste hukutana sokoni, na vijana wao hupendana. Wakifika kwenye posa, suala la dini huwa la ukoo. Mkatoliki anayetaka kuoana na Mkristo wa kanisa lingine anahitaji ruhusa ya kanisa lake, na huahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe Ukatoliki. Wakishindwa kuelewana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawafungulia mlango wa bomani, lakini haiwajibii watoto watasali wapi wala mzazi atazikwa na nani. Gharama halisi ya imani katika mapenzi inalipwa na watu wa tatu: mama, mshenga, mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwenye gemu watu hao hawapo. Mwenzi wa safari hana shangazi. Ndiyo maana tukio la wazazi wa Shadowheart linauma kuliko mapigano yote ya gemu ile: kwa mara moja, dini ya mpenzi imegusa familia yake. Na ndiyo maana mchezaji mwenyewe huwa hana cha kupoteza. Unaweza kuanza Baldur's Gate 3 ukiwa kuhani wa Selûne, adui wa Shar, na Shadowheart atakusema kwa hilo; lakini kumpenda hakukugharimu chochote mbele ya mungu wako. Selûne hakuulizi. Mizani yote inapima imani ya upande mmoja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa ufundi wa kanuni, Leliana wa 2009 bado hajapitwa, kwa sababu imani yake inaweza kumuua mchezaji, na mchezaji anaweza kuiua imani hiyo bila kujua. Kwa ukweli wa moyo wa muumini, Cassandra anaongoza. Shadowheart ana tukio moja bora kuliko yote, ndani ya gemu iliyokwisha kuamua kwamba dini ni kifungo. Kazi iliyobaki kwa mbunifu yeyote, wa Ubelgiji au wa Afrika Mashariki, ni kuandika wapenzi wawili wenye dini mbili, hakuna aliyedanganywa kati yao, kila mmoja akiwa na mizani yake, na wazazi wanne ambao nao wana sauti kwenye mizani hiyo. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo tangu siku ya yale majivu. Kinachohitajika ni mwandishi atakayekubali kwamba hadithi hiyo inaweza kuisha bila mshindi.