"Uzito ni nguvu": maoni juu ya lugha ya fizikia katika madarasa ya chini

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazikubali lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia. Lakini sheria haimpi mwalimu maneno. Tuliketi siku moja nyuma ya darasa la pili, mjini Lubumbashi. Mwalimu aliangusha jiwe na karatasi, akauliza kwa nini jiwe limetangulia. "Kwa sababu ni zito," wakaitika watoto. Akawasifu, kisha akaandika ubaoni: "Uzito ni nguvu."

Kwa Kifaransa sentensi hiyo ni sahihi. Kwa Kiswahili inapotosha. Nguvu, kwa mtoto wetu, ni kitu alichonacho mtu aliyeshiba bukari. Hivyo jiwe zito lina nguvu, na huanguka kwa nguvu zake lenyewe. Ilhali nguvu ya wanafizikia haimilikiwi na kitu kimoja: huwa baina ya vitu viwili. Vitabu vya Tanzania vimekwepa utata huo kwa kutumia neno "kani", ila kwa mtoto wa Katanga neno hilo ni geni sawa na la Kifaransa.

Hata jibu lililosifiwa lilikuwa kosa. Ingetosha kuifinyanga karatasi ile ile iwe kidonge: uzito haubadiliki, lakini sasa inakaribia kufika chini pamoja na jiwe. Kilichoichelewesha ni hewa. Mwezini, mahali pasipo hewa, David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwaka 1971, vikafika pamoja.

Tunaona dawa imo katika vitenzi, si katika majina. Mtoto anayetwanga sombe anajua kwamba kuinua mchi kunachosha, na kwamba ukiachiwa hushuka wenyewe. Basi aambiwe: dunia inauvuta. Kutoka "kuvuta" atafika "kuvutwa", halafu "kuvutana", na hapo sarufi yetu inaishinda ile ya Kifaransa, kwani "pesanteur" imetokana na uzito, bali "mvutano" unabeba kauli ya kutendana: jiwe nalo huivuta dunia, kwa kiasi kile kile.

Mtoto mwerevu atauliza mbona dunia hatuioni ikipanda. Mwalimu afunge kamba kwenye mwembe wa uwanjani, ambao mizizi yake imeshikamana na dunia, ampe mtoto avute, kisha darasa zima litazame ni nani anayesogea.