Kutengeneza si Kuunda: Maneno Tunayotumia Kueleza Asili ya Motokaa

Kila lugha hai hulibebesha neno moja maana nyingi bila kuwatatiza wenyewe. Mtu akisema kwamba saa yake imetengenezwa, hatuhitaji kamusi ili tujue kwamba saa iliyokuwa imesimama sasa inakwenda. Na akisema kwamba saa hiyo imetengenezwa Uswisi, twajua vilevile kwamba hakuipeleka huko kwa fundi. Muktadha umemaliza kazi. Lakini ziko nyanja ambamo muktadha hauwezi kumaliza kazi, kwa kuwa jambo linalotafutwa ndilo hasa ambalo neno linalificha. Utafiti wa asili ya vitu vya kale ni mojawapo ya nyanja hizo.

Fikira hizi zimetujia baada ya kuletewa tuisome rasimu ya tafsiri ya makala moja ya Kiingereza juu ya motokaa mashuhuri ya mwaka 1930. Jina la mfasiri hatutalitaja, kwani makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tunaoandika Kiswahili cha ufundi. Kiswahili chake ni kizuri, sentensi zake zinatiririka, na msomaji hakwami popote. Hatari iko hapo hapo: msomaji anafika mwisho wa makala akiamini kinyume cha kile ambacho makala iliandikwa ili kukithibitisha.

Kwanza tueleze kisa chenyewe kwa ufupi. Mwezi Machi 1930, Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni ya Bentley na dereva hodari wa mashindano ya Le Mans, aliweka dau kwamba akiondoka Cannes, kusini mwa Ufaransa, wakati mmoja na treni ya fahari iliyoitwa Le Train Bleu, atafika klabuni kwake London kabla ya treni hiyo kufika Calais. Aliondoka saa 11:54 jioni, akaendesha usiku kucha, akavuka bahari kutoka Boulogne, na kesho yake saa 9:20 alasiri akawa yuko London. Inasimuliwa kwamba aliitangulia treni kwa dakika nne tu.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba gari lililoshinda ni Bentley moja yenye paa linaloteremka kwa mshazari hadi nyuma, lenye nafasi ya watu watatu tu, ambalo bodi yake iliundwa na kampuni ya Gurney Nutting ya London. Gari hilo liliitwa kwa jina la treni ile, na mchoraji Terence Cuneo alilichora likishindana nayo. Picha ilipendwa, ikasambaa, ikawa kama ushahidi. Lakini watafiti walipochunguza kumbukumbu waligundua kwamba gari hilo lilikabidhiwa Barnato mwezi Mei 1930, yaani miezi miwili baada ya mbio. Gari alilolitumia mwezi Machi lilikuwa Bentley nyingine ya aina ile ile ya Speed Six, yenye bodi ya milango minne iliyoundwa na H. J. Mulliner. Njia ya uwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini uwongo huu, uliozaliwa na picha na jina, ulikwenda miongo mingi kabla ya kukutana na tarehe.

Tazama sasa jinsi rasimu ilivyouweka ushahidi huo kwa Kiswahili: "Gari hili lilitengenezwa na Gurney Nutting mwezi Mei 1930." Msomaji wetu ataelewa nini? Ataelewa kwamba baada ya kukimbizwa usiku kucha katika barabara za Ufaransa, gari lilichakaa, nalo likapelekwa kwa mafundi likatengenezwa. Kumbe ndilo lile lile la mwezi Machi! Ushahidi unaouvunja uwongo umegeuka kuwa ushahidi wa kuutetea. Na kitenzi kimoja tu, kitenzi tunachokitumia kutwa kucha, ndicho kilichofanya kazi hiyo.

Yapo ambao watasema kwamba huku ni kukuza jambo dogo, na kwamba mfasiri angeongeza maneno mawili tu mambo yakanyooka. Hatukatai. Lakini ili aongeze maneno hayo, mfasiri hana budi kujua kwanza kwamba pana shimo. Kwa hiyo tuangalie lilivyo.

Hadi mwaka 1946, kampuni ya Bentley, kama zilivyokuwa kampuni nyingi za magari ya fahari, haikuwa ikiunda gari zima. Iliunda chasisi, pamoja na injini, gia, ekseli na usukani. Mnunuzi aliipeleka chasisi hiyo kwa kampuni nyingine aliyoichagua mwenyewe, ambayo iliivika bodi kwa mapenzi yake: milango miwili au minne, paa gumu au la turubai. Kwa hiyo swali "nani aliyetengeneza gari hili?" lina majibu mawili yaliyo sahihi, na tarehe mbili. Bodi, zaidi ya hayo, iliweza kung'olewa. Bentley nyingi zilizozaliwa na bodi nzito za paa gumu zilivuliwa baadaye, zikavikwa bodi nyepesi za wazi kwa kufuata sura ya magari ya Le Mans. Mtafiti wa asili, basi, hatafuti tarehe moja. Anatafuta maisha ya vitu viwili vilivyokutana, na pengine vikaachana.

Mfasiri wetu aliona ugumu huo mahali pamoja tu, alipokutana na jina la kazi ya hao wenye kuvika bodi. Kwanza aliwaita "wajenzi wa mabehewa", bila shaka kwa sababu kamusi ilimwambia kwamba nusu ya neno hilo la Kiingereza ni behewa. Kumbe asili yake ni magari ya farasi. Kampuni nyingi za kazi hiyo zilianza kwa kuyaunda hayo, ndipo zikaingia katika motokaa. Aya tatu mbele akabadili, akawaita "mafundi bodi". Hapa amekaribia, lakini ameangukia pabaya zaidi. Katika gereji zetu, fundi bodi ni yule anayenyoosha mabati yaliyobonyea na kuziba kutu. Ni kazi ya heshima na yenye ujuzi wake, ila si kuunda, ni kutengeneza. Tumerudi pale pale.

Kosa la pili ni la namba. Motokaa moja ina namba tatu: ya chasisi, ya injini na ya usajili. Rasimu inataja "gari namba HM2855" na, mistari michache baadaye, "gari namba GJ 3811". Hayo si magari mawili. Ni gari lile lile la Gurney Nutting, kwanza kwa namba ya chasisi yake, kisha kwa namba ya usajili. Makala nzima inahusu magari mawili yaliyochanganywa kuwa moja. Tafsiri imelichukua moja kati yao ikaligawa mawili. Jambo hili linasikitisha, kwa kuwa maneno tunayo. Kila aliyepata kushika kadi ya gari anayajua, na karani yeyote wa usajili angeweza kumsaidia mfasiri kwa dakika moja.

La tatu ni neno "asili". Rasimu inasema "bodi ya asili", ikikusudia bodi ambayo chasisi ilivikwa mara ya kwanza. Lakini tumezoea kusema dawa za asili, ngoma za asili, misitu ya asili. Msomaji anaweza kudhani kwamba Bentley ya Barnato ilijengwa kwa fito na makuti. Mbaya zaidi, mfasiri anatumia "asili" hiyo hiyo anapotaka kusema kwamba kitu si cha bandia. Haya ni mambo mawili. Chasisi ya mwaka 1930 inaweza kuwa halisi kabisa huku bodi iliyo juu yake ikiwa imeundwa miaka hamsini baadaye. Na bodi inaweza kuwa halisi ya mwaka 1930 lakini ikakaa juu ya chasisi ambayo si yake ya kwanza. Asiyeweza kuzitenganisha hali hizi kwa maneno hawezi kuzitenganisha kwa fikira pia, na muuzaji mjanja atamshukuru.

La nne tutalipita upesi. Magari ya namna hii rasimu inayaita "magari makuukuu". Kuukuu ni kilichochakaa, kama nguo au jamvi, na gari linalozungumzwa linang'aa kuliko mengi yaliyotoka kiwandani jana. Neno la Kiingereza lililokuwa likifasiriwa limetoka katika utengenezaji wa divai, ambako hutaja mwaka wa mavuno ya zabibu; na klabu ya wapenzi wa motokaa iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1934 hulitumia kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1931 tu. "Motokaa ya zamani", pamoja na mwaka wake, inatosha.

Huenda mfasiri akatuuliza: ni Waswahili wangapi watakaonunua Bentley ya mwaka 1930? Pengine hakuna. Lakini tuyaache magari ya matajiri, tuende kwenye kituo cha mabasi. Mabasi mengi yanayotuchukua kutoka mji hadi mji yamezaliwa kwa njia ile ile ya Bentley ya Barnato: chasisi imeagizwa kutoka nje, na bodi imeundwa hapa hapa Afrika Mashariki. Chasisi iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi inaweza kuvikwa bodi mpya, na basi likatoka gereji liking'aa. Sasa karani anaandika katika fomu: "Basi limetengenezwa mwaka huu." Je, limeundwa mwaka huu? Limevikwa bodi mwaka huu? Au lilipata ajali likakarabatiwa? Abiria wanaopanda basi hilo, mkaguzi wanayemtegemea na hakimu atakayeletewa shauri siku breki zikikatika, wote wanaishi ndani ya kitenzi hicho. Hapo si suala la historia tena, bali la uhai wa watu.

Wala haifai kusema kwamba Kiswahili ni kichanga katika mambo haya. Watu wa pwani wameunda majahazi kwa karne nyingi, na hawakuwa wakisema kwamba jahazi "limetengenezwa" pale walipokusudia kwamba limeundwa. Kitenzi "unda" kimetupa "kiunzi", na siku hizi kimetupa "maunzi" ya kompyuta. Kimekaa tayari, kinangoja kutumiwa. Tulipata kusikia pendekezo kwamba chasisi iitwe "mkuku", kwa kuwa jahazi nalo huanzia mkukuni. Pendekezo hilo linavutia, lakini hatuliungi mkono. Mkuku haubadilishiwi jahazi. Chasisi hubadilishiwa bodi, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Afadhali "chasisi", ambayo mafundi wamekwisha kuitohoa. Vivyo hivyo "bodi": ni kweli kwamba shirika nalo lina bodi, lakini hatujaona mtu aliyechanganya bodi ya wakurugenzi na bodi ya basi.

Kwa hiyo tunapendekeza wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazingatie matumizi yafuatayo:

Kuunda: kufanya kitu kiwepo kwa mara ya kwanza. Chasisi huundwa, bodi huundwa.

Mwundaji chasisi na mwundaji bodi: kampuni mbili zinazoshirikiana katika gari moja. "Fundi bodi" abaki na kazi yake ya gereji.

Kuvika bodi: kuweka bodi juu ya chasisi, na kuvika bodi upya, pale ambapo ya kwanza imeondolewa.

Kukarabati: kuondoa ubovu ili gari lifanye kazi. Kurejesha: kulirudisha gari katika sura na hali iliyokuwa nayo mwanzo.

Bodi ya awali: ile ya kwanza juu ya chasisi fulani. Bodi halisi: isiyo ya kuigiza. Nakala: iliyoundwa baadaye kwa kufuata sura ya nyingine.

Namba ya chasisi, namba ya injini, namba ya usajili: zisifupishwe kamwe kuwa "namba ya gari".

Kitenzi "tengeneza" hatukifukuzi. Kibaki nyumbani na sokoni, kinakofanya kazi yake vizuri. Tunachoomba ni kwamba kisiingie katika fomu, hati, kibandiko cha makumbusho wala tafsiri ya utafiti pasipo kuulizwa kimekusudia nini.

Rasimu tumemrudishia mwenyewe pamoja na maelezo haya, na sentensi ile sasa inasomeka hivi: "Bodi ya gari hili iliundwa na Gurney Nutting, na gari likakabidhiwa mwenyewe mwezi Mei 1930, miezi miwili baada ya mbio." Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, wala haina madaha. Lakini msomaji aliyeisoma hawezi tena kuidanganywa na picha. Wasomaji wanaofanya kazi katika gereji, bandari na ofisi za usajili, ambao kwa hakika wana maneno tusiyoyasikia sisi tulioketi na makamusi, tunawaomba watuletee.