Vitabu Vingapi kwa Mwaka?

Kila mwaka mpya uingiapo, watu wengi wapendao kusoma hujiwekea ahadi. Mmoja husema, "Mwaka huu nitasoma vitabu 12". Mwingine husema 24. Na mwingine, mwenye nafasi nyingi au mwenye moyo mkubwa, husema 50. Tangu mwaka wa 2011 wasomaji wanaoutumia mtandao wa Goodreads wamewekewa mahali pa kuiandika ahadi hiyo, na kila wamalizapo kitabu hesabu hupanda mbele ya macho ya rafiki zao. Papo hapo huelezana habari za vitabu, huyu akimwambia huyu, "Soma hiki, usikikose." Desturi hiyo imefika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Yafaa basi tuipime kama tupimavyo kitabu: tuutaje wema wake, na upungufu wake tusiufiche.

Kwanza tujue ya kuwa jambo lenyewe si geni. Mwaka wa 1878, huko Chautauqua katika jimbo la New York, Marekani, John Vincent alianzisha chama cha kusoma kwa ajili ya watu wasioweza kwenda chuoni. Wanachama walipangiwa vitabu vya miaka minne, kila mtu akavisoma kwake, na wengi wakakutana kwa makundi katika miji yao ili kuzungumza juu ya yale waliyoyasoma. Wa kwanza walihitimu mwaka wa 1882. Kisha, mwaka wa 1909, Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Harvard, alianza kutoa juzuu 50 za maandiko mashuhuri, akiamini kwamba rafu moja ya futi tano yaweza kumpa mtu elimu njema, hata akiwa na dakika 15 tu kwa siku.

Tazama, msomaji, tofauti iliyopo kati ya hao wa zamani na sisi. Wao walivitaja vitabu kwa majina: hiki, na hiki, na hiki. Waweza kushindana nao, ukasema kwamba Afrika wameisahau, na mashindano hayo yana faida, maana yatakulazimu nawe utaje vyako na useme kwa nini. Ahadi ya siku hizi haitaji kitabu hata kimoja. Hutaja idadi tu. Nani awezaye kushindana na 24?

Walakini tusiidharau idadi, kwa kuwa ina kazi yake. Watu wengi husema kwamba hawana nafasi ya kusoma, na kwa kusema hivyo hujidanganya wenyewe. Mtu asomaye kurasa 10 kila siku, kabla ya kulala au akiwa safarini, atakuwa amesoma kurasa 3,650 kwa mwaka. Kama kila kitabu ni cha kurasa 200, hivyo ni vitabu 18. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu ambaye tangu aache shule hajafungua kitabu, akiambiwa, "Soma 6 mwaka huu," amepewa mkongojo wa kumtoa kitini, na mkongojo si kitu cha kuchekwa. Tena ahadi iliyotangazwa mbele ya wenzi ina nguvu kuliko ile iliyofichwa moyoni, maana mwanadamu huona haya.

Upungufu huanza pale mkongojo unapogeuka kuwa safari yenyewe. Idadi huvifanya vitabu vyote kuwa sawa, navyo si sawa. Mkulima hatajisifu kwamba amelima mashamba matano pasipo kuulizwa upana wake, na kama ni ya mchanga au ya mawe. Lakini msomaji husema, "Nimemaliza vitabu vitano," nasi twampongeza bila kumwuliza neno.

Na tuchukue mifano katika vitabu vyetu wenyewe. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, una beti mia na chache tu, nao husomwa wote kwa muda mdogo. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1990, haifiki kurasa mia, lakini ni mwitu mnene. Aingiaye humo mbio atatoka upande wa pili bila kuona mti. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka wa 1979, ni ndefu zaidi, wala haina fumbo la namna hiyo: yatupeleka bandarini Unguja, kwa wapakuzi wa mizigo, mpaka kwenye mgomo wao wa mwaka wa 1948. Katika daftari ya hesabu vitabu hivi ni vitatu, kila kimoja ni kimoja. Kwa msomaji mwenyewe cha kwanza chaweza kuwa kazi ya jioni moja na cha kurudia maisha yote, cha pili kazi ya mwezi, cha tatu kazi ya juma. Basi mtu aliyebakiwa na vitabu vinane vya ahadi na miezi miwili ya mwaka atafanyaje? Nagona hataigusa. Ataokota vyembamba na vyepesi, na vigumu atavikimbia, wala si kwa sababu ni mvivu, bali kwa sababu kipimo alichojiwekea chamfundisha kukimbia.

Tena kipimo hicho huua kazi ya kurudia. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka wa 1951. Asomaye mara ya kwanza huona hadithi ya nchi inayoelea angani, na ya mtu aitwaye Karama aliyeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Karama, katika kujitetea, ataja habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Msomaji wa haraka huzifurahia safari hizo, akafunga kitabu, akaandika "kimoja." Arudiaye ndiye ajiulizaye: Kwa nini nchi iwaogope watu wake wanaorudi na maarifa? Kitabu hiki kiliandikwa Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Je, mwandishi alikuwa akisema na nani? Na leo asema na nani? Maswali hayo ndiyo kitabu. Lakini kusoma mara ya pili hakuongezi lolote katika hesabu ya wengi, na hivyo kazi iliyo bora huonekana kama hasara.

Na jambo la kusomeana tutalihesabuje? Katika pwani yetu, zamani, tenzi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na nakala moja iliyoandikwa kwa mkono ilitosha masikio ya nyumba nzima. Kama mtu mmoja amewasomea kumi, je, kimesomwa kitabu kimoja au kumi? Mwana Kupona mwenyewe alimwandikia binti yake, lakini karibu na mwisho wa utenzi awageukia wanawake wote, akawataka wausome ili waifahamu maana yake. Hakutaja ni mara ngapi, wala kwa siku ngapi. Alitaka ufahamu. Huyo ndiye mama wa wote wanaomwambia mwenzao, "Soma hiki."

Hapo twafika kwenye sehemu ya pili ya desturi hii, yaani kuelekezana vitabu, nami naiona kuwa ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Wako watu wasemao kwamba haina haja, kwa kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yaweza kuwa kweli kwa embe, maana embe bivu lina rangi na harufu. Kitabu kilichofungwa hakina harufu. Kiwe kizuri au kibaya, kimekaa kimya katika rafu, na vumbi huvishukia vyote sawasawa. Kitabu kizuri hakijiuzi. Huuzwa na kinywa cha mtu aliyekisoma. Na kama vinywa vimefumbwa, kitabu hakiulizwi dukani, na kisichoulizwa hakipigwi chapa tena. Ndiyo sababu jambo hili si la mchezo kwetu, watu wa lugha ambayo vitabu vyake si vingi na wanunuzi wake ni wachache.

Ushahidi wake tunao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa kwa Kiingereza riwaya yake Paradise mwaka wa 1994. Ni habari za kijana Yusuf, ambaye baba yake alimtoa rehani kwa tajiri kwa ajili ya deni, akachukuliwa pamoja na misafara ya biashara mpaka bara. Mwaka ule ule kitabu kiliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker huko Uingereza. Mwaka wa 2021 mwandishi akapewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Mwaka wa 2022 ndipo tulipokipata kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Hesabu mwenyewe: ni miaka 28. Habari za pwani yetu na misafara yetu zimekuja kutujia kwa lugha yetu baada ya Stockholm kusema, "Someni huyu." Simlaumu mfasiri, yeye ametulipia deni. Lakini msomaji na ajiulize: Ni vitabu vingapi vingine vinavyongoja mji wa mbali uvisifu kwanza, na hali jirani aliyevisoma amenyamaza?

Basi kunyamaza ni kosa. Walakini kusifu ovyo ni kosa pia, na pengine limezidi. "Kizuri sana, kisome!" Maneno hayo hayana uzito hata wa unyoya. Kizuri kwa nani? Kwa sababu gani? Mtu akisifu vitabu 50 kwa maneno yale yale, hakusifu hata kimoja; na mwenzake akidanganyika mara mbili, mara ya tatu hatamsikiliza. Mwenye kumwelekeza mwenzake kwenye kitabu ni shahidi, na shahidi yampasa aseme alichokiona. Mimi nadhani yampasa kusema mambo matatu: kitabu chahusu nini, pasipo kulifichua fundo la hadithi, chamfaa mtu wa namna gani, na upungufu wake ni upi.

Nitatoa mfano. Kama mtu aniambia kwamba vitabu vya Kiswahili humchosha, sitampa Nagona, hata kama naistahi. Nitampa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka wa 1960. Nitamwambia kwamba kuna mtu ameuawa, kwamba wengi wako tayari kuamini ni kazi ya mzimu, na kwamba Bwana Msa, mwenye kiko chake, hakubali mpaka apate sababu. Mwuaji sitamtaja. Nitamwambia pia upungufu: Bwana Msa ajua mno, na wenziwe wameachiwa kazi ya kustaajabu tu. Je, kwa kuutaja upungufu huo nimemfukuza msomaji? La, hasha. Nimempa sababu ya kuniamini, na nimempa jambo la kutazama njiani. Akimaliza, atarudi kuniambia kwamba nimekosea au nimesema kweli, na hapo vitabu vitakuwa vimeanza kuzungumzwa kati yetu.

Wapenzi wa idadi watauliza, "Tukiacha hesabu, tutashika nini?" Sisemi waiache yote. Anayeanza na aanze na idadi ndogo, kama aanzaye kutembea baada ya ugonjwa. Lakini aliyekwisha kupata nguvu na aipange ahadi yake kwa majina na kwa aina. Kwa mfano: utenzi mmoja wa kale, usomwe kwa sauti, riwaya mbili, moja nyepesi na moja ngumu, tamthilia moja, kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kitabu kimoja cha kazi yake mwenyewe, awe mkulima au mwuguzi au fundi, kimoja kilichofasiriwa kutoka lugha nyingine, kimoja ambacho mwandishi wake hupingana naye, na kimoja alichokwisha kukisoma zamani. Hivyo ni vinane tu. Atakayeona ni vichache na ajaribu kwanza.

Na kwa kila kimoja na awe na mtu mmoja wa kumpelekea ushuhuda, kwa mdomo au kwa barua, na ikiwezekana ampe kitabu chenyewe mkononi. Sisi walimu twaweza kufanya hivyo darasani. Badala ya kumwuliza mtoto, "Umesoma vitabu vingapi muhula huu?" tumwulize, "Ni kipi utakachompa mwenzako, na kwa nini yeye, wala si mwingine?" Mtoto asiyesoma hawezi kulijibu swali hilo kwa kubuni, maana la kwanza hujibiwa kwa tarakimu, na la pili halijibiwi ila kwa kitabu.

Mwaka utakapokwisha, ndugu msomaji, fungua daftari yako, lakini usiitazame jumla kwanza. Chagua jina moja lililomo, funika lililobaki, ujaribu kumwambia aliye karibu nawe mambo yale matatu. Ukiweza, kitabu hicho umekisoma. Ukishindwa, kimekwisha kuhesabiwa, lakini bado kinakungoja rafuni.