Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Kila Siku Ugenini katika *Our Sister Killjoy*

Riwaya za Kiafrika zinazosimulia maisha ya kijana msomi huko Ulaya zimezoea kuhakikiwa kwa kipimo kimoja, yaani mgongano wa tamaduni. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini kina kasoro moja kubwa: humwondoa mhusika mezani, chumbani na barabarani, kikamgeuza kuwa hoja tupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika *Our Sister Killjoy*, kitabu cha Ama Ata Aidoo wa Ghana kilichotolewa mwaka 1977, chakula, matembezi ya jioni na barua ndivyo vinavyobeba dhamira, na kwamba pale mwandishi anapoviacha, kazi yake hulegea.

Sissie, mhusika mkuu, anachaguliwa kwenda Ujerumani kwa mpango wa kuwakutanisha vijana wa mataifa mbalimbali. Wanawekwa Bavaria, katika ngome ya kale iliyogeuzwa hosteli ya vijana. Kazi waliyopangiwa ni kushughulikia miche ya misonobari. Hata hivyo, msimulizi anaonyesha kwa kejeli kwamba kazi yao hasa ni kuwapo, kucheka, kuimba, na zaidi ya yote kula. Chakula hakiishi.

Waswahili wana methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande wa pili, nao ndio unaoifaa riwaya hii. Anayepewa jembe ameingizwa katika nyumba. Jasho lake linahesabiwa, naye ana haki ya kusema neno shambani. Anayelishwa siku zote bila kupewa jembe la kweli hubaki mgeni daima, kitu cha kutazamwa na kushukuriwa kwa kuja kwake. Miche ya misonobari ni jembe la mchezo. Aidoo ametambua kwamba ukarimu wa aina hii haumdhulumu mgeni kwa kumnyima; humdhulumu kwa kumpa mno na kutompa nafasi ya kulipa.

Jambo hili linadhihirika zaidi katika urafiki wa Sissie na Marija, mama mdogo wa Kijerumani anayeshinda na mtoto wake mchanga ilhali mume yuko kazini karibu saa zote. Baba na mwana wote wanaitwa Adolf, jina ambalo msomaji hawezi kulisikia bila kuikumbuka historia ya nchi ile. Marija humletea Sissie matunda ya plamu kila mara, naye Sissie huyala kwa furaha. Mwandishi anakaa na matunda hayo, anaeleza rangi yake na unyevu wake, mpaka msomaji anatambua kwamba yanafanana na anayeyala. Sissie anakula tunda, na huku yeye mwenyewe ni tunda adimu katika mji ule.

Usiku ule Marija anapomgusa kwa namna asiyoitazamia, Sissie anashtuka na kurudi nyuma. Wako wahakiki watakaoliona tukio hili kuwa ishara ya uovu wa Ulaya. Usomaji huo ni mwepesi mno. Machozi ya Marija ni ya mtu mpweke, na Sissie anayaelewa. Tena, anapomwarifu baadaye kwamba anaondoka, Sissie anaonja utamu wa kuumiza. Mgeni ambaye hakuwa na cha kulipa amepata silaha moja tu, nayo ni kuondoka. Hapa Aidoo hamwonei huruma mhusika wake, na ndipo kitabu kinapofikia kilele cha ukweli wake.

Ulinganisho na *L'Aventure ambiguë* ya Cheikh Hamidou Kane (1961) unasaidia. Samba Diallo, anayesoma falsafa Paris, ana undani ambao Sissie hana. Lakini siku zake hatuzijui sana, kwani hata anapoalikwa nyumbani kwa akina Lucienne, mlo unageuka upesi kuwa mjadala. Ajabu ni kwamba maelezo ya Ulaya yanayogusa mwili zaidi katika riwaya hiyo yanatoka kinywani mwa mwendawazimu, anayesimulia ugumu wa sakafu na barabara zisizo na udongo chini ya mguu. Neno hilo moja juu ya mguu lina uzito sawa na kurasa nyingi za mijadala.

Udhaifu wa Aidoo unaonekana Sissie anapofika London. Anawakuta Waafrika katika baridi na nguo duni, anawauliza kwa nini hawarudi nyumbani, naye anawahukumu. Swali ni zito na lina haki ya kuulizwa. Lakini hatuonyeshwi siku ya mmoja wao inavyopita tangu alfajiri hadi usiku kwa utulivu ule ulioonyeshwa kwa Marija. Mwanamke wa Bavaria amepewa jiko, kitanda na machozi. Ndugu wa London wamepewa hotuba. Barua ya mwisho inaokoa sehemu ya hasara hiyo. Sissie anaiandika kwa mpenzi wake, kisha anaamua kutoipeleka, na barua isiyopelekwa ni kitu ambacho kila aliyeishi ugenini anakifahamu.

Funzo hili linawahusu pia waandishi wa Kiswahili. Martin Kayamba alipotoa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* mwaka 1932, jina la kitabu lilitangaza njia yake: kuona na kufanya. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani, kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya, na wengi wamewafuata tangu hapo. Mwandishi atakayewasimulia kwa Kiswahili hana haja ya kuanza na mgongano wa tamaduni. Aanze na walichopikiwa, nani aliyelipa, na kama kuna aliyewapa jembe. Hoja itakuja yenyewe.