Mabruki na Wenziwe: Sauti ya Delroy Lindo na Njia ya Misafara ya Tabora

Mwaka 1990 ilitolewa filamu iitwayo Mountains of the Moon, iliyoongozwa na Bob Rafelson, ambayo yasimulia safari ya Richard Burton na John Hanning Speke kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda kwenye maziwa makuu. Macho ya mtazamaji huelekezwa kwanza kwa Patrick Bergin na Iain Glen, walioigiza wasafiri hao wawili, na kwa ugomvi wao uliokwisha kwa kifo cha Speke mwezi Septemba 1864. Lakini yumo mtu mwingine katika msafara huo ambaye astahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mtu huyo ni Mabruki, na aliyemwigiza ni Delroy Lindo. Hoja ya makala haya ni kwamba nafasi hiyo, ijapokuwa ni ndogo, ndiyo mizani nzuri ya kuzipimia nafasi nyingine za mwigizaji huyo. Na kwamba upungufu wake hautokani na Lindo, bali watokana na filamu iliyowatoa watu katika njia ya Tabora na kuiacha lugha yao njiani.

Yafaa kwanza kukumbuka njia yenyewe. Msafara wa Burton na Speke ulitoka Unguja mwezi Juni 1857, ukaingia bara, na tarehe 7 Novemba ukafika Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Uganda, nyingine kusini. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walijenga matembe yao hapo, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliochukua pembe za ndovu kwenda pwani na nguo na shanga kurudi bara. Mji wa namna hiyo haukuweza kusimama kwa lugha moja tu. Kinyamwezi kilikuwa lugha ya wenyeji na ya wapagazi wengi. Kiarabu kilikuwa lugha ya barua na ya hesabu za matajiri. Na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote. Jioni, kabla ya kulala, kirangozi alisimama akawahutubia watu wa msafara juu ya mwendo wa kesho. Neno hilo kirangozi, ambalo laonekana katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, ni jamaa ya neno kiongozi la leo, na lenyewe ni ushahidi kwamba msafara uliendeshwa kwa kinywa kama ulivyoendeshwa kwa miguu.

Kwa habari ya Burton na Speke, jambo la lugha halikuwa dogo. Burton alikuwa hodari wa Kiarabu na alijifunza Kiswahili; Speke hakujua hata kimoja. Aliyemsaidia Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapitishwa Kilwa na kuuzwa, akaishi Bara Hindi miaka mingi kabla ya kurudi Unguja. Wawili hao walizungumza Kihindustani, ambacho Speke alikisema kwa shida. Katikati ya mwaka 1858, Burton alipobaki Kaze akikusanya habari za nchi na maneno ya lugha zake, Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo yeye alilipa jina la Victoria. Aliporudi akadai kwamba hapo ndipo chanzo cha Mto Nile. Burton hakukubali, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa ya mtaalamu wa lugha: kwamba Bombay aliyasikia vibaya maneno ya Kihindustani, akayafasiri vibaya kwa Kiswahili, na aliyeulizwa kwa Kiswahili akayageuza tena kwa lugha yake, na jibu likarudi kwa ngazi hizo hizo. Ugomvi ulioshughulisha wanachuoni wa London kwa miaka mingi ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, ugomvi juu ya ukalimani. Hatimaye Speke alionekana kuwa amesema kweli kuhusu ziwa, lakini swali la Burton juu ya tafsiri halikuwa la upuuzi.

Sasa filamu imefanya nini na jambo hilo? Mazungumzo yanayokibeba kisa chake ni ya Kiingereza, na kazi ya ukalimani haikupewa uzito wake. Bombay yumo, akiigizwa na Paul Onsongo, Mabruki yumo, wapagazi wamo. Mandhari ni nzuri, maana filamu ilipigwa kwa kiasi kikubwa nchini Kenya, na Roger Deakins, aliyesimamia kamera, aliijua kazi yake. Walakini Lindo, mwenye kimo kirefu na sauti nzito, alilazimika kumjenga Mabruki kwa mwili kuliko kwa maneno: kwa namna ya kusimama, kwa kutazama, kwa kunyamaza. Alifaulu. Mabruki wake hana unyenyekevu wa mtumishi wa sinema za zamani. Ni mtu aliyepima na kuamua mwenyewe kwamba Burton anastahili kufuatwa. Hata hivyo mtazamaji hasikii alivyopima, wala hamsikii akisema na wenziwe usiku msafara ulipotua. Kisha filamu yamuua kabla safari haijakwisha, na kifo chake chatumika kuuonyesha moyo wa Burton.

Mabruki wa historia hakufa hivyo. Burton alimtaja katika kitabu chake cha 1860, The Lake Regions of Central Africa, kwa maneno ya dharau. Lakini mtu huyo aliyedharauliwa alikwenda tena bara na Speke na Grant katika safari iliyoanza 1860. Na Stanley alipopanga msafara wa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, Mabruki aliandikwa tena pamoja na Bombay na wengine waliokwisha kumtumikia Speke. Aliijua njia ya Tabora kuliko mabwana wake. Jina lake pia lina mafunzo. Mabruki ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya aliyebarikiwa, nalo latoka katika shina lile lile lililozaa Mubarak, jina la Bombay, na baraka. Majina ya namna hii yalipewa watumwa wengi wa pwani, na mara nyingi yalifunika jina la kwanza ambalo mtoto alipewa na wazazi wake. Basi watu wawili waliotajwa zaidi katika msafara ule walikuwa na jina moja kwa asili, na si mmoja wao aliyejulikana kwa jina la kwao.

Ili kujua ni kitu gani kilichopotea, hapana budi kutazama kazi nyingine za Lindo. Alizaliwa London mwaka 1952 kwa wazazi wa Jamaika, akahamia Kanada akiwa kijana, kisha akajifunza uigizaji San Francisco. Maadam alikua kati ya lafudhi tatu au nne za Kiingereza, lafudhi kwake haikuwa pambo la kuvaa siku ya kuigiza tu. Kabla ya filamu ya Rafelson alikuwa amekwisha kusifiwa jukwaani kwa nafasi ya Herald Loomis katika tamthilia ya August Wilson, Joe Turner's Come and Gone, mtu aliyetoka katika kazi ya kulazimishwa, atembeaye akimtafuta mkewe na kuitafuta sauti yake mwenyewe.

Mwaka 1992, katika Malcolm X ya Spike Lee, Lindo aliigiza West Indian Archie, mwenye mchezo wa kamari wa Harlem. Archie haandiki namba za wachezaji. Huziweka zote kichwani. Maneno yake ni machache, yana mdundo wa visiwa vya Karibi, na kila mtu huyaogopa. Baadaye Malcolm amkuta mzee, mgonjwa, ulimi umelegea na kumbukumbu zimechanganyika. Lindo haombi huruma katika onyesho hilo: aiacha sauti ile ile tuliyoizoea ivunjike taratibu, na mtazamaji atambua kwamba nguvu yote ya Archie ilikuwa katika kinywa na kumbukumbu. Mtu aliyehifadhi mambo kichwani bila maandishi si mgeni kwa anayezijua habari za njia ya Tabora, ambako mpagazi alihifadhi visima, hongo na majina ya watemi kwa njia hiyo hiyo.

Baada ya Archie alikuja Woody Carmichael wa Crooklyn (1994), baba na mwanamuziki ambaye upole wake wawagharimu jamaa zake. Na Rodney Little wa Clockers (1995), mwuza madawa ya kulevya ambaye huwausia vijana kwa sauti ya baba hali akiwaangamiza. Ukiwaweka wawili hawa pamoja wapata kipimo halisi cha upana wa mwigizaji. Sauti ni moja, nayo ni ya mzazi; lakini kwa Woody maneno yatoka katika mapenzi, na kwa Rodney yatoka katika biashara. Uso haukubadilishwa sana. Kilichobadilika ni kasi ya usemi, na mahali pa kukata pumzi.

Nafasi iliyo karibu zaidi na Mabruki ni ya Matthew Henson katika filamu ya televisheni Glory & Honor (1998). Henson, Mmarekani mweusi, alisafiri na Robert Peary kwenda kaskazini ya dunia hata safari ya 1909, na ndiye aliyejifunza lugha ya Wainuiti na kusema nao kwa niaba ya msafara. Hapa Lindo apewa kile alichonyimwa mwaka 1990: msaidizi ambaye ujuzi wake wa lugha na wa njia waonekana kuwa nguzo ya safari, huku sifa zikienda kwa mwingine. Atazamaye filamu mbili hizo pamoja huona alivyoweza kuwa Mabruki, au Bombay, kama angetungiwa maneno.

Ustadi huo umefika mbali katika kazi za karibuni. Katika Da 5 Bloods (2020), iliyompatia tuzo ya mwigizaji bora ya chama cha wahakiki wa filamu wa New York, Paul, askari mzee wa vita vya Vietnam, atembea peke yake msituni akisema moja kwa moja na kamera, na usemi wake wapanda kutoka lawama hata sala. Katika Sinners ya Ryan Coogler (2025), Delta Slim, mpiga piano wa Mississippi ya 1932, asimulia kuuawa kwa mwenziwe na umati wa watu. Maneno yamwishia, na simulizi lageuka mguno, na mguno wawa wimbo. Mwigizaji awezaye kuonyesha mahali ambapo lugha yaishia na muziki waanza ndiye angefaa kuionyesha jioni ya msafara Unyanyembe.

Huenda mtu akapinga akisema kwamba filamu ya watu wa Marekani na Uingereza haiwezi kusemwa kwa Kiswahili na Kinyamwezi, kwa kuwa watazamaji wangekimbia. Pingamizi hilo lina uzito wa kibiashara, lakini halina uzito wa sanaa. Mwaka 2006 ilitolewa Apocalypto, ambayo yote yasemwa kwa lugha ya Kimaya na kufasiriwa kwa maandishi chini ya picha, na watu walikwenda kuitazama. Tena, katika kisa hiki lugha si rangi ya kupakwa juu ya hadithi. Lau filamu ingemwonyesha Speke akiuliza, Bombay akifasiri, mwenyeji akijibu, na jibu likirudi likiwa limepungua au kuongezeka, watazamaji wangeuona mzizi wa ugomvi wenyewe, ambao filamu yautafuta katika wivu na urafiki uliovunjika.

Njia hiyo haijasahauliwa kabisa. Kule Kwihara, karibu na Tabora, tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 limehifadhiwa kuwa makumbusho. Na mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hata Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini kuta hazisemi, na mgeni afikaye Kwihara huonyeshwa nyumba ya Livingstone kabla hajasikia habari za waliomchukulia mizigo. Sinema yaweza kulitimiza pengo hilo, kwa kuwa yenyewe ina sauti. Waandishi na waongozaji wa Tanzania wanayo lugha ya misafara mdomoni mwao. Na kazi za Lindo zimewaonyesha kwamba nafasi ya mtu wa pembeni yaweza kuwa na uzito wa filamu nzima ikiwa tu amepewa usemi wake. Atakayetunga upya kisa cha Kaze, basi, na aulizwe kwanza Mabruki atasema nini, atasema na nani, na kwa lugha gani.