Meza ya Mgeni: Kuusoma Mkahawa wa Makumbusho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msafiri wa pwani aingiapo katika majumba ya makumbusho ya ughaibuni hukaribishwa na nakshi, picha, silaha na vito vya wafalme. Miguu ikimchoka, huelekea mkahawani, akanywa chai yake, kisha akaondoka akidhani kwamba muda ule alikuwa nje ya maonyesho. Dhana hiyo haifai kuachwa ipite. Mkahawa ni ukurasa wa kitabu kile kile, na pengine ndio ukurasa ambamo mwenyeji hudhihirisha zaidi ni nani aliyemtazamia kuwa mgeni wake.

Tuanze na Victoria and Albert Museum ya London, maana hiyo ndiyo makumbusho ya kwanza duniani kuwa na mkahawa wa umma. Ilifunguliwa South Kensington mwaka 1857, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Henry Cole. Cole alitaka watu wa kazi za mikono nao waione sanaa, na kwa ajili yao taa za gesi ziliwashwa jioni ili waje baada ya kazi. Vyumba vitatu vya kulia vilivyoanzishwa katika miaka ya 1860 vingalipo hadi leo. Kimoja, chenye kuta za kijani, kilipambwa na William Morris pamoja na Philip Webb na Edward Burne-Jones, kikakamilika mwaka 1868. Cha pili, kiitwacho Poynter, kina vigae vya buluu vilivyochorwa na wanafunzi wa kike wa chuo cha sanaa cha hapo hapo. Cha kati, Gamble, ndicho kikuu: nguzo zake zimevikwa kauri, na kuta zake zinang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

Mpenzi wa ushairi akiinua macho katika chumba hicho cha kati, ataona maandishi yakizunguka juu ya kuta. Yametolewa katika Kitabu cha Mhubiri, nayo yanamuusia binadamu ale, anywe, na ayaonje matunda ya jasho lake. Hapo msomaji aliyezoea kanga atatanabahi. Jina la kanga halisemwi hewani. Lina mlengwa wake. Jee, maandishi haya yamelengwa kwa nani?

Orodha za vyakula za mwaka 1867 zinajibu. Daraja la kwanza liliandaliwa vyakula vya fahari, sungura wa mwitu na vitamu vya matunda ya msimu. Daraja la pili lilipata mayai na spinachi, na mwenye uwezo mdogo akaridhika na mikate midogo mitamu. Mafundi na vibarua wa jumba lile walihudumiwa kwa daraja la tatu. Kwa hiyo ukuta unalisifu jasho, na meza inamtenga aliyelitoa. Utungo ni mzuri, lakini kina cha ndani na kina cha nje havikukubaliana.

Mwaka 1988 makumbusho hayo yalijitangaza kwa mzaha, kana kwamba mkahawa ndio asili na makumbusho ni nyongeza tu. Wengi walichukizwa, wakaona sanaa imedhalilishwa. Lakini kosa la tangazo lile halikuwa kuupandisha mkahawa. Kosa lilikuwa kuutenga na jumba lake, kana kwamba chai na hazina havina uhusiano.

Uhusiano upo, na mgeni atokaye Afrika Mashariki hana budi kuuona. Mwaka ule ule wa 1868, ambapo chumba cha Morris kilikamilika, jeshi la Uingereza liliiteka ngome ya Maqdala, Ethiopia, Mfalme Tewodros wa Pili akajiua, na hazina za ngome na kanisa zikachukuliwa. Taji la dhahabu na kikombe cha dhahabu cha ibada, kazi za karne ya 18, vimo katika jumba hilo la London. Mwaka 2007 Ethiopia iliomba rasmi hazina za Maqdala zirejeshwe. Mwaka 2018, miaka 150 baada ya tukio, mkurugenzi wa makumbusho alipendekeza zikopeshwe kwa muda mrefu. Kukopeshwa chako si kurudishiwa. Basi mgeni ameshika kikombe cha chai mkononi, na kikombe kingine, kilichotengenezwa ili waumini washiriki, kimekaa nyuma ya kioo na hakinywewi na mtu.

Kwa kupima, tuvuke bahari hadi Washington. Huko makumbusho ya Wahindi Wekundu yalifunguliwa mwaka 2004 pamoja na mkahawa uitwao Mitsitam, neno la wenyeji wa asili lenye maana ya "tule". Vyakula vyake hupangwa kwa kufuata maeneo ya watu hao. Katika mji huo huo, makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yana Sweet Home Café. Ndani yake ipo picha kubwa ya vijana wa Greensboro, ambao mwaka 1960 waliketi kwenye meza ya duka lililokataa kuwahudumia watu weusi mezani hapo, wakagoma kuondoka. Hapo mlaji hawezi kusahau kwamba kuketi mezani kuliwahi kuwa jihadi. Kinachosemwa na ukuta ndicho kinachosemwa na sahani.

Hata hivyo, sifa hizo zina mpaka. Katika majumba yote haya matatu kiingilio cha maonyesho ya kudumu ni bure, lakini chakula kina bei, na aghalabu si bei ya mnyonge. Madaraja yaliyoandikwa wazi mwaka 1867 siku hizi yamejificha katika tarakimu za orodha.

Kwa uzuri wa chumba, London haijapata mshindani. Kwa ukweli wa meza, Washington imetangulia. Msafiri atakayeketi popote kati ya hapo na asome kwanza kuta, kisha orodha ya vyakula, kisha atazame ni nani anayekula na ni nani anayekusanya vyombo. Akimaliza chai, na arudi ndani akakiangalie kikombe cha Maqdala kwa mara ya pili.